Mjadala: Sheria ilazimishe kila simu janja inayouzwa Kenya iwe na kufuli la wizi?

Mleta hoja, Kisumu

Nawasalimu nyote. Hoja yangu ni hii: Bunge litunge sheria kwamba simu janja yoyote inayouzwa nchini iwe na kufuli la wizi, na kufuli hilo liwe tayari limewashwa mnunuzi anapoifungua simu mara ya kwanza, si kitu cha kwenda kutafutwa ndani ya mipangilio. Nazungumzia lile kufuli linalofanya simu ikatae kutumika hata ikifutwa yote, mpaka mwenyewe aweke nenosiri lake.

Wenzetu walishalijaribu. Jimbo la Minnesota huko Marekani lilipitisha sheria ya aina hii Mei 2014, California ikafuata Agosti mwaka huohuo. Ya California inagusa simu janja zilizotengenezwa kuanzia tarehe 1 Julai 2015: mnunuzi akiiwasha ni lazima aulizwe kuhusu kufuli, na anayeuza kwa kujua simu isiyo nalo hutozwa faini ya dola 500 hadi 2,500 kwa kila simu. Mantiki yao ni kwamba mwizi hataki simu, anataka bei yake. Ikiwa haiuziki, ataichukua ya nini? Ataiacha tu.

Sasa tuje kwetu. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, mtu akawa anachukua simu janja na kuilipia shilingi 20 kwa siku. Asipolipa, simu inajifunga. Ukipita Kondele, Manyatta au Nyalenda hapa Kisumu utawakuta watu wanaoijua vizuri ile skrini inayodai malipo. Kubadilisha laini hakusaidii. Kuflashi, yaani kuweka upya programu ya simu, hakusaidii. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba teknolojia hii ni ya Wazungu, au ni ghali, au haifai kwa simu za bei ya chini. Ipo kwenye simu za bei ya chini kabisa, na inafanya kazi mpaka vijijini Seme na Nyakach. Tatizo ni kwamba inamlinda mkopeshaji. Maliza deni lako leo, simu iwe yako kikamilifu, kesho kijana aiponyoe mkononi mwako pale steji: hapo ndipo unaambiwa nenda polisi, chukua nambari ya OB (kitabu chao cha matukio), rudi ukasubiri. Nimeona watu wakilia kwa ajili hiyo na sioni kwa nini tuendelee kulikubali. Kufuli lililomlinda mkopeshaji limlinde na mwenye mali yake.

Karibuni, pingeni.

Fundi wa Kondele

Napinga, na ninapinga nikiwa na bisibisi mkononi.

Kaka, unazungumza kana kwamba kufuli halipo. Lipo. iPhone zimekuwa nalo tangu Septemba 2013, simu za Android tangu toleo la 5.1 mwaka 2015. Wanaoniletea simu zilizofungwa kwa kufuli hilo, wengi wao ni wenye simu wenyewe. Mzee kutoka Vihiga amenunuliwa simu na mwanawe aliye Nairobi, akaunti ni ya mwana, mwana amebadilisha nenosiri. Mama amenunua simu mjini, kijana wa duka akamfungulia akaunti ya Gmail palepale kaunta kwa jina alilolitunga mwenyewe, nenosiri halikuandikwa popote. Baada ya mwaka mtoto anachezea simu, inajifuta, inauliza akaunti. Mama haijui. Duka limeshahama. Anakuja kwangu.

Sheria yako ikipita, mimi ninayemfungulia huyo mama nitaitwa nani? Kubadilisha IMEI, ile namba ya utambulisho ya kila simu, tayari ni kosa chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano, na nakubaliana na hilo kabisa. Fundi anayegusa IMEI anajua anachokifanya. Lakini kumfungulia mtu simu yake si kubadilisha IMEI. Mbunge anayetunga sheria hii hatatenganisha mambo hayo mawili, nawaambia. Tutawekwa wote gunia moja.

Na jambo la pili. London wana makufuli haya kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2024 pekee ziliibwa pale zaidi ya simu 100,000. Nyingi zinasafirishwa, zinafika hadi Shenzhen, China, na zile ambazo kufuli limekataa kufunguka zinavunjwavunjwa kuwa spea. Kioo hakina nenosiri. Betri haina nenosiri. Kamera pia.

Mama Mitumba, Kibuye

Mnaongea simu janja, simu janja. Mimi nina kabambe, simu ya vitufe isiyo janja. Pesa yangu ya bidhaa, ya chama, ya karo, yote iko kwenye hiyo laini. Mwizi akiichukua, hiyo simu yenyewe ya shilingi elfu moja haina maana kwake, anataka laini. Jumbe za benki zinaingia huko. Sheria ya kijana wetu inanisaidia nini?

Wakili, Kakamega

Swali la mama ni zito na nitalirudia mwishoni. Kwanza niseme ninachokiogopa.

Serikali yetu ina historia na simu zetu. Mwishoni mwa Septemba 2012 simu bandia zilizimwa nchi nzima. Baadaye Mamlaka ya Mawasiliano ikataka kuweka mfumo wake wa kufuatilia vifaa ndani ya mitandao ya kampuni za simu, ikisema ni wa kukamata simu bandia na zilizoibwa. Mahakama Kuu iliuzuia mwaka 2018 kwa sababu ya faragha, Mahakama ya Rufaa ikauruhusu mwaka 2020. Kisha likaja agizo la kutaka IMEI za simu zinazoingia nchini zisajiliwe kwa ajili ya kodi kuanzia Januari 2025, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikalibatilisha. Mnaona mwelekeo? Kila mara tunaambiwa ni kwa usalama wetu, na kila mara kinachojengwa ni daftari linaloshikwa na mtu mwingine. Ibara ya 31 ya Katiba, ile ya faragha, haikuandikwa kama pambo.

Tusisahau Juni 25, 2024. Siku ile vijana wako barabarani wakipinga Muswada wa Fedha, hapa Kakamega, Kisumu, Nakuru na kwingineko, intaneti ikavurugika nchi nzima. Sasa fikirini kufuli ndani ya kila simu, halafu ufunguo uwe ofisini kwa mtu. Watu wa California waliliona hilo: sheria yao yenyewe inasema serikali ikitaka kulitumia kufuli hilo kukata mawasiliano, iwe chini ya utaratibu wa amri ya mahakama. Bila kipengele kama hicho, mimi ni wa kwanza kwenda kortini kuipinga.

Na kabla ya kutunga sheria mpya, ya zamani inafanya nini? Kushughulika na mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo ni hadi miaka 14. Ni wauza simu wangapi wa mkono wa pili wameulizwa hata swali moja?

Mama wa Kibuye, kwa laini yako ipo kinga isiyohitaji Bunge: PIN ya laini yenyewe, tofauti na PIN ya M-Pesa. Ukiiweka, mtu akiitoa laini na kuitia kwenye simu nyingine inamdai namba hiyo. Hata kabambe ina sehemu hiyo kwenye mipangilio. Mwombe mtu unayemwamini akuonyeshe, uandike ile namba ya kufungulia na uiweke nyumbani.

Mchuuzi, Busia

Nichangie kidogo kutoka mpakani. Watani wetu Watanzania wana daftari lao la kuzuia IMEI, na Juni 2016 walizima simu bandia kupitia hilo. Sawa. Lakini daftari la nchi linaishia mpakani. Simu iliyozuiwa Kenya ikivuka hapa Busia ikaingia upande wa Uganda, mitandao ya kule haina haja na orodha yetu. Kufuli la mwenyewe, linalokaa ndani ya simu, linavuka nayo. Kwa hiyo, wakili, ukiogopa daftari unapaswa kulipenda kufuli. Ni vitu viwili tofauti.

Boda, Nyamasaria

Nyinyi hamjawahi kushikiwa kisu. Siku hizi mtu hachukui simu aende. Anakuambia fungua, toa PIN, ondoa nenosiri, mbele yake. Mkiweka kufuli kila simu, sisi wa usiku ndio tutaumizwa zaidi.

Mleta hoja, Kisumu

Nimesoma zote. Nianze na ndugu yangu wa boda, maana lake linahusu uhai. Mtu akikushikia kisu, mpe simu na mpe PIN. Hakuna simu yenye thamani ya ubavu wako. Lakini kufuli zuri linaweza kutengenezwa likijua hivyo. Apple mwanzoni mwa 2024 waliweka kinga kwamba simu ikiwa mbali na mahali ilipozoea, kubadilisha nenosiri la akaunti kunadai uso au alama ya kidole, kisha kunasubiri saa nzima kabla ya kukubaliwa. Android nao mwaka huohuo walileta njia ya mtu kuifunga simu yake akiwa mbali kwa kutumia namba yake ya simu, kwenye kifaa cha mtu mwingine yeyote. Sheria iseme wazi kwamba kufuli lazima liweze kufungwa hata baada ya mwizi kupewa PIN. Hapo ndipo kumtesa mtu ili atoe PIN kunapoteza faida.

Mchuuzi wa Busia amesema nilichotaka kusema kuliko mimi. Wakili, mimi sitaki daftari. Sitaki jina langu wala IMEI yangu kwenye kompyuta ya wizara. Nataka ufunguo uwe kwa mwenye simu peke yake, na kipengele cha amri ya mahakama kiwemo kama ulivyosema. Bila hicho mimi pia sitaiunga mkono.

Fundi, hoja ya spea ni ya kweli, ila imebeba nusu ya habari. Baada ya Apple kuweka kufuli mwaka 2013, takwimu zilizotolewa mwanzoni mwa 2015 na waendesha mashtaka wa New York na San Francisco zilionyesha wizi wa iPhone ulishuka kwa asilimia 25 New York na asilimia 40 San Francisco. Wizi wa simu janja London ulishuka kwa nusu. Wezi walipojifunza njia ya spea, ukapanda tena. Ndiyo maana Septemba 2024 Apple walianza kufunga na sehemu zenyewe: kamera au betri ya simu iliyofungwa ikipachikwa kwenye simu nyingine inadai akaunti ya mwenyewe. Kufuli linatakiwa likue mwizi anapokua. Kulitupa kwa sababu mwizi amejifunza ni kumkabidhi soko.

Lakini hoja yako ya yule mama na akaunti ya kaunta imenikaa. Hapo ndipo sheria yetu lazima iwe tofauti na ya Marekani, kwa sababu simu zetu hazinunuliwi kama zao. Muuza duka apigwe marufuku kumfungulia mteja akaunti kwa jina la kubuni. Akimsaidia, namba ya kurejesha akaunti iwe ya mteja mwenyewe, na nenosiri aondoke nalo kwenye karatasi. Mkopeshaji naye, siku deni linapoisha, aondoe kufuli lake kabisa na kumwonyesha mteja jinsi ya kuweka la kwake. Na kuwe na njia halali ya mtu kufunguliwa simu yake kwa kitambulisho na risiti, kwa gharama ndogo, bila kusafirishwa Nairobi.

Fundi wa Kondele

Risiti! Ndugu yangu, nenda Luanda siku ya soko uombe risiti ya simu. Watu wetu wananunua simu kwa binamu, kwa jirani, kwa mtu anayehama. Boksi likipatikana ni bahati. Ukisema "risiti" umemfungia nje mama yuleyule unayemtetea.

Nipe hivi. Kwanza, boksi lenye IMEI au ushahidi wa mtu aliyemuuzia vikubalike pamoja na kitambulisho. Pili, fundi aliyesajiliwa kaunti aruhusiwe kufungua, na kila anapofungua aandike kitabuni: IMEI, kitambulisho, tarehe. Kitabu kikae kibandani kwangu, wakili asiwe na wasiwasi, anayekitaka aje na amri ya korti. Fundi asiyeandika, mshtakini. Mimi mwenyewe nitawaonyesha alipo, kwa sababu tunajuana.

Wakili, Kakamega

Kitabu kibandani naweza kuishi nacho, mradi sheria iseme kinafutwa baada ya muda gani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 itakihusu hata kikiwa cha karatasi. Miezi mitatu?

Fundi wa Kondele

Sita. Mwenye simu iliyoibwa anaweza kuchelewa kuitafuta.

Mama Mitumba, Kibuye

Nimeweka hiyo PIN ya laini, kijana wangu amenisaidia. Lakini bado hamjanijibu la kabambe. Andikeni kwenye hiyo hoja kwamba kila laini inayouzwa itoke na PIN imewashwa, na muuzaji amweleze mtu kabla hajaondoka. Hilo halihitaji simu ya bei ghali.

Mleta hoja, Kisumu

Naliongeza, mama. Nitaandika upya hoja nzima yenye kipengele cha laini, cha akaunti ya kaunta, cha fundi na kitabu chake, na cha amri ya mahakama. Muda wa kitabu bado haujakubaliwa kati ya miezi mitatu na sita; mwenye sababu nzuri ya mmoja wapo aiseme hapa kabla sijaipeleka kwa mbunge.