Mjadala: From Zero ni albamu ya Linkin Park, au walipaswa kutafuta jina jingine?

Mleta mada

Wakuu, hili naomba tulijadili kwa hoja. Chester Bennington, mwimbaji wa bendi ya rock ya Marekani Linkin Park, alifariki tarehe 20 Julai 2017 akiwa na miaka 41, miezi miwili tu baada ya albamu yao One More Light kutoka. Bendi ikanyamaza miaka mingi. Mwaka 2024 ikarudi na Emily Armstrong wa bendi ya Dead Sara kwenye maiki na Colin Brittain kwenye dramu, na Novemba ikatoa From Zero. Tangu hapo mashabiki wamegawanyika. Wapo wanaosema albamu za Linkin Park ni saba na zimeishia 2017, hii nyingine ni ya watu wengine waliobaki na jina. Mimi nasema ni nane.

Tuanzie mbali kidogo. Bendi ilianzia California mwaka 1996 ikiitwa Xero, na mwimbaji alikuwa Mark Wakefield. Chester aliitwa kutoka Arizona mwaka 1999, akawakuta Mike Shinoda (anayechana), Brad Delson (gitaa) na Joe Hahn (DJ) wameshaanza kujenga ule mchanganyiko wa kuchana, magitaa mazito na vitu vya DJ. Kwa hiyo hata yeye alikalia kiti kilichoachwa na mtu, na jina From Zero linagusa huko huko. Dave Farrell, mpiga besi tunayemjua, hakuwepo albamu yao ya kwanza, Hybrid Theory, ilipokuwa inarekodiwa. Sehemu kubwa ya besi alipiga Delson. Sijawahi kusikia mtu akiitoa albamu ile kwenye hesabu kwa sababu hiyo.

Na wanaolinda "sauti ya Linkin Park" wanalinda ipi? Hybrid Theory (2000) na Meteora (2003) ni ndugu kabisa. Lakini 2007 walikwenda kwa prodyuza Rick Rubin wakatoa Minutes to Midnight, wakaanza kuiacha nu metal, yaani ule mchanganyiko wa metal na kuchana. Mwaka 2010 wakaja na A Thousand Suns: magitaa yamerudi nyuma, vinanda vimetanda, na katikati ya nyimbo unasikia sauti za Oppenheimer, yule mwanasayansi wa bomu la atomiki, na Martin Luther King. Watu walikasirika, wakasema hii siyo Linkin Park. Leo wengi wao wanaiita kazi yao bora, na mimi nimo. One More Light nayo ilitukanwa kwa kuwa ya pop, na Chester alikuwa hai akiyasikia yote. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Mchangiaji

Mkuu, hoja ya Xero haisimami. Xero hawakuwahi kutoa albamu. Walikuwa na demo tu. Hakuna aliyekuwa amezoea sauti ya Wakefield, kwa hiyo Chester hakuchukua nafasi ya mtu moyoni mwa msikilizaji. Huyu Chester aliimba wimbo wa Crawling akitoa yake mwenyewe, mapambano yake na pombe na dawa za kulevya, wimbo ukapata Grammy mwaka 2002. Kwenye wimbo wa Given Up kuna ukelele mmoja wa sekunde 17 hivi bila kuvuta pumzi. Huwezi kumwajiri mtu kwa kazi hiyo ukasema bendi ni ile ile.

Emily anaimba, sibishi. Ninachokataa ni jina. Shinoda mwaka 2018 alitoa albamu ya Post Traumatic kwa jina lake, ya msiba, na tulimheshimu sana. Zamani alikuwa na Fort Minor, mradi wake wa kuchana nje ya bendi. Kwa nini safari hii isingekuwa hivyo?

Mleta mada

Kuhusu Crawling umenigusa, na kama wangeingia studio kurekodi upya wimbo wao wa zamani Numb kwa sauti ya Emily na kuiweka kwenye albamu, ningesimama upande wako. Hawakufanya hivyo. Angalia walivyotoa Lost mwaka 2023, wimbo uliobaki kabatini tangu enzi za Meteora: ni Chester mwenyewe anayeimba.

Sikiliza pia The Emptiness Machine, wimbo waliorudi nao. Shinoda ndiye anayefungua, beti ya kwanza na kiitikio. Unazoea kwanza sauti unayoijua tangu zamani, ndipo kwenye beti ya pili Emily anaingia. Mimi naona hapo walimfikiria shabiki aliyefiwa.

Post Traumatic ilikuwa ya mtu mmoja na ilistahili jina la mtu mmoja. From Zero ina Shinoda, Delson, Hahn na Farrell, wanne kati ya sita wa siku zile. Rob Bourdon, mpiga dramu wa zamani, alijiondoa mwenyewe. Watu wanne wanaotengeneza muziki pamoja tangu ujana wao, ukiwanyima jina hilo, utampa nani?

Nina shida na albamu yenyewe, lakini ni tofauti na yako. Ni fupi, nusu saa na dakika chache, na inaangalia sana nyuma. Heavy Is the Crown ingekaa vizuri kabisa pembeni ya wimbo wao Faint wa 2003. Watu waliothubutu A Thousand Suns wamerudi mahali ambapo hawawezi kukosea, na ningependa ya tisa iwe ya hatari zaidi. Ila kosa la kufanana mno na Linkin Park siwezi kumshtakia mtu mwingine yeyote zaidi ya Linkin Park.