Naomba ushauri: mashine ya boti inazima nikirudisha choki

Assalaam aleikum ndugu zangu, na shikamooni wazee mafundi.

Nina boti hapa Lamu, mashine ya farasi 15, ya zamani, ya kuchanganya oili. Kusi lote ilikaa bila kuwashwa, mafuta yakiwa ndani. Sasa kaskazi inakaribia nataka kurudi kuvua, nayo inawaka kwa choki tu (kile kifaa cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha). Nikirudisha choki, inazima.

Nimemwaga petroli ya zamani (ilinuka kama rangi), nimetia mpya, nimebadilisha plagi na chujio. Cheche iko vizuri. Bakuli la kabureta nililikuta na utando wa kahawia unaonata na matone ya maji chini, nikaliosha. Kinachonichanganya ni hiki: nikiuminya mpira wa kupampia mafuta wakati mashine inanguruma, inapata nguvu kidogo, kisha inalegea tena.

Je, hiyo ni pampu ya mafuta imechoka, au jeti (kitundu chembamba cha kupitishia petroli kwenye kabureta) imeziba? Na jeti naweza kuizibua kwa uzi mmoja wa waya wa umeme, au nitalipanua tundu lake? Spea ya pampu ni mpaka niagize Mombasa, kwa hiyo nataka hakika kabla sijatoa pesa.

Shukran sana.