Wafanyakazi wanachati chini ya meza: nizuie intaneti, nikate mshahara, au nifanyeje?

Stoo_Mkuu
Wakuu, habari za kazi. Duka la jumla la vipuri vya pikipiki, Dar. Kaunta watu 2, stoo 3, ofisini 3. Ofisini ukiingia ghafla skrini inageuka Excel. Keshia ndiye kiboko: droo ya pesa iko wazi kama vidole vitatu, simu imelala juu ya noti, TikTok inapita bila sauti, mteja anangoja chenji. WhatsApp siwezi kupiga marufuku, nusu ya oda zinaingilia huko. Nafikiria kuzuia mitandao kwenye Wi-Fi, na atakayekamatwa nimkate 10,000. Nipeni utaratibu.

FundiRuta
Mkuu, Wi-Fi utazuia, bando la mtu huzuii. Kwa keshia ruta haikusaidii kitu. Inafaa kwa zile kompyuta za ofisini, na hapo wengi hukosea.

Kuweka DNS ya kuchuja (DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya kompyuta) peke yake hakutoshi, kwa kuwa kivinjari cha siku hizi kinaweza kutumia DNS yake kwa njia fiche. Lazimisha maombi yote ya bandari 53 (mlango wa DNS ya kawaida) yapite kwenye ruta, funga bandari 853 (ya DNS fiche), kisha funga UDP 443. Hiyo ya mwisho watu huisahau: kwenye ruta za MikroTik ukizuia tovuti kwa tls-host (kanuni inayosoma jina la tovuti), inakamata TCP tu, na video nyingi zinapita QUIC, njia nyingine ya kusafirisha data, ambayo ni UDP. Unajisifu umefunga, wao wanaangalia.

Kama unapunguza kasi badala ya kufunga, na kikomo hakishiki, tazama kanuni ya fasttrack (njia ya mkato ya data) inayokuja na ruta. Inaruka simple queue zote, yaani zile kanuni za kupunguza kasi. Izime kwanza.

VPN (programu ya kupita vizuizi kwa njia fiche) wataweka tu. Kwa hiyo zile kompyuta wape akaunti ya kawaida, nenosiri la msimamizi ubaki nalo wewe.

Afisa_Ajira
Hiyo 10,000 iache kabisa. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, 2004, kinabana makato: yawe yameruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mahakama na kadhalika, au mfanyakazi akubali kwa maandishi kulipa deni. Faini ya TikTok si deni.

Andika sera ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kila mmoja asaini na abaki na nakala. Itaje simu inakaa wapi, nani anaruhusiwa WhatsApp ya kazi, na onyo linadumu muda gani. Akikosea: onyo la mdomo (liandike kwenye faili hata hivyo), la maandishi, la mwisho. Ukifika kwenye kikao cha nidhamu, mpe mashtaka kwa maandishi na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama. Ukimwachisha bila hayo ana siku 30 za kwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), na huko makaratasi yako ndiyo yatakayosomwa.

"Anashinda kwenye simu" si ushahidi. Andika tarehe, saa, na kazi iliyolala. Kwa keshia tumia risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi): ya mwisho imetoka 10:18, inayofuata 10:36, foleni ina watu wanne. Kwenye barua andika 10:18 na pia saa 4:18 asubuhi, maana hapo ndipo maelezo hugongana.

Na usimnyang'anye simu ukaanza kusoma meseji zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023. Hata hiyo ruta, kama inahifadhi kumbukumbu za tovuti, waambie kabla.

MamaKaunta
Mnamkimbilia mtu na barua, mmeuliza anakula saa ngapi? Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana haki ya mapumziko ya dakika 60. Asiyepewa atajipa mwenyewe, vipande vipande, chini ya meza. Panga zamu: mmoja saa 6:30, wa pili saa 7:30, na katika saa hiyo simu ni yake, usimsemeshe.

WhatsApp ya oda iwe laini ya duka, kwenye simu ya duka. Akaunti moja unaiunganisha na vifaa vingine hadi 4, ofisini wanaifungua kwenye kompyuta. Oda zikiingia simu binafsi huwezi kujua anajibu mteja au anajibu shemeji, na siku akiacha kazi anaondoka na wateja.

Stoo_Mkuu
Nimeelewa, 10,000 nimefuta. Je, simu za kaunta niziweke kwenye boksi? Mmoja ana mtoto mchanga nyumbani.

MamaKaunta
Rafu nyuma ya kaunta inatosha, skrini chini, mlio wazi. Nyumbani wapewe namba ya mezani au ya duka. Na yako iweke hapo hapo, Mkuu.

Afisa_Ajira
Boksi lenye kufuli usiweke. Simu ikipotea humo, mdaiwa ni wewe.