Naomba ushauri: dawa za saa 72 za kuzuia VVU baada ya kubakwa tuwafikishieje wamama wa Masisi, Kongo?

Ndugu zangu, naombeni msaada wa mawazo. Mji wa Goma huko Kivu, mashariki mwa Kongo (DRC), ulipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, kambi za wakimbizi wa ndani kama Bulengo zilivunjwa mwezi uliofuata. Shangazi yangu na majirani zake wakarudi kijijini Masisi. Kule mwanamke akibakwa akitafuta kuni hasemi, anaogopa mume atamfukuza. Dawa ya kuzuia VVU lazima ianzwe ndani ya saa 72, na kituo chao cha afya hakina. Njia ya Goma imejaa vizuizi. Wanaambiwa tu waende kuni kwa kundi. Haitoshi jamani! Wauguzi na mlio Kivu, dawa hizo zinaweza kukaa kwa mkunga wa kijiji? Nani anaruhusiwa kuzitoa? Vitenge na taulo za kike tumeshakusanya.