Nimepewa nafasi kwenye sera ya sayansi, niache maabara?

pipeti_mkononi:
Habari wakuu, naomba ushauri, na naomba uwe wa kweli. Nina miaka tisa natafiti usugu wa vimelea dhidi ya dawa, sasa wizara wamenipa nafasi kwenye timu inayoandika sera ya taifa ya sayansi, yaani hela za utafiti ziende wapi, data zitunzweje, mambo kama hayo. Naitamani kweli maana nimechoka kuona matokeo yetu yanaishia kwenye majarida, ila juzi nimefungua friza nikaona sampuli zote zina mwandiko wangu nikashindwa kabisa kujibu ile imeli. Nikiondoka nitaweza kurudi? Na mtu anabaki mwanasayansi kama hashiki tena pipeti, ile mrija ya maabara ya kupimia vimiminika?

Mzee wa Laza:
Hongera kwanza. Mi nilitoka fizikia, nina miaka sita huku kwenye sera. Waraka wangu wa kwanza ulikuwa kurasa 22, bosi akasema kamati inakutana saa nane mchana na sisi tuna dakika kumi tu, lete ukurasa mmoja. Nikaandika, mwishoni nikaweka ile sentensi yetu ya siku zote, "utafiti zaidi unahitajika", akaikata kwa kalamu nyekundu akaniuliza, sawa, ila leo waamue nini? Aisee sikuwa na jibu. Maabara ukiwa huna uhakika unarudia jaribio, huku uamuzi unapita uwe umejibu au hujajibu. Kwa hiyo unawaambia tunachojua ni hiki, tusichojua ni hiki, mkienda njia hii litatokea hili. Kuchagua waachie wenyewe, usiwachagulie kwa kujificha nyuma ya data.

kijani78:
Kuhusu kubaki mwanasayansi, msome Peter Gluckman, daktari wa watoto na mtafiti, 2009 akawa mshauri mkuu wa kwanza wa sayansi wa waziri mkuu wa New Zealand. Kule watu walikuwa wanatolewa kwenye nyumba za serikali kwa sababu vipimo vimeonyesha mabaki ya dawa ya kulevya ya meth ukutani, 2018 ofisi yake ikapitia ushahidi ikakuta hakuna uthibitisho kwamba kukaa tu kwenye nyumba yenye mabaki hayo kunadhuru afya, na shirika la nyumba likaja kuwaomba radhi wapangaji. Hakushika pipeti hapo, alisoma tafiti za wengine vizuri, na mi naona hiyo ni sayansi kabisa.

Nakala ya Tatu:
Nakubali yote ila kurudi ni kugumu jamani tusimdanganye, wafadhili wanaangalia umechapisha nini miaka ya karibuni. Harold Varmus, mwanasayansi, aliongoza NIH, taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani, kuanzia 1993 na maabara yake akaendelea nayo, lakini yule tayari alikuwa na Nobel ya 1989, sisi wengine hatuachiwi hivyo. Usijiuzulu. Omba kuazimwa, yaani uende wizarani kwa muda huku nafasi yako maabara ikibaki yako, kwa maandishi, miaka miwili, na udai siku moja kwa wiki ya kusimamia wanafunzi wako. Na hizo sampuli mkabidhi mtu sasa hivi pamoja na rejista, usisubiri wiki ya mwisho.

pipeti_mkononi:
Asanteni sana, hiyo ya kuazimwa sikuifikiria kabisa, nawauliza leo kabla sijajibu lolote. Rejista nimeanza jana usiku na mwanafunzi wangu, yeye anasoma lebo mi naandika, tumemaliza droo mbili.