Nina deni la HELB: je, nikope tena ili nisomee uzamili wa afya ya umma?

Jirani wa Donholm

Hamjambo wenzangu. Nina shahada ya kwanza ya afya ya umma, na ninafanya kazi katika mradi mmoja wa kifua kikuu hapa Nairobi, upande wa Eastlands, kwa kandarasi inayofanywa upya kila mwaka. Mshahara wangu ghafi ni shilingi 58,000. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, inanidai 180,000, nami hulipa 5,000 kila mwezi bila kukosa. Sasa nimepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili jioni na Jumamosi kwa miaka miwili, na gharama yote, pamoja na ya utafiti na tasnifu, inakaribia 500,000. Sacco yangu (chama cha akiba na mikopo) iko tayari kunipa kiasi hicho kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, nilipe kwa miezi 48. Wakubwa kazini husema kwamba mwenye uzamili huongezwa kama 20,000. Je, nichukue mkopo huu, au nimalize kwanza deni la HELB? Ningependa kusikia kutoka kwa waliopitia njia hii, wala msiogope kunivunja moyo.

Mweka Hazina wa Chama

Dada (au kaka, utanisamehe), tuanze na HELB kwa kuwa jibu lake ni fupi. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, na hutapata tena deni la bei hiyo maishani mwako. Kulimaliza haraka ili uingie katika deni la asilimia 12 si hesabu. Endelea na 5,000 zako, utamaliza baada ya miaka mitatu na miezi michache, mradi usikose, kwa sababu faini ya anayeacha kulipa ni 5,000 kila mwezi.

Mkopo wa Sacco ndio wenye maneno. Malipo yake yatakuwa takriban 13,170 kwa mwezi, na kufikia mwezi wa 48 utakuwa umelipa kama 632,000. Hizo 20,000 unazoahidiwa ni ghafi. Ukiondoa NSSF (akiba ya uzeeni), asilimia 2.75 ya SHIF (bima ya afya), asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, kisha PAYE (kodi ya mapato) ya asilimia 30 juu ya kinachosalia, mkononi hazifiki 13,000. Kwa maneno mengine, nyongeza yote inamezwa na mkopo, tena nyongeza yenyewe itakuja baada ya kuhitimu ilhali makato yanaanza mwezi ujao. Leo, baada ya makato ya lazima, unabaki na kama 44,000. Toa HELB, toa Sacco, unabaki na 26,000 hivi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato kupita theluthi mbili ya mshahara, nawe hujafika huko, lakini sheria haijui kodi ya nyumba ya Donholm wala nauli ya kutoka darasani saa tatu usiku.

Afisa wa Afya, Kaunti

Nakubaliana na hesabu hiyo, ila mimi ningeuliza ahadi ya 20,000 imeandikwa wapi. Huduma za afya zilipohamishiwa kaunti mwaka 2013, nasi tulihamia kwa mwajiri mpya, na nilipohitimu uzamili wangu nilipeleka cheti nikidhani kupandishwa daraja ni suala la wiki chache. Faili langu lilikaa miaka mitatu. Muundo wa utumishi huangalia miaka uliyotumikia na nafasi iliyo wazi, na bajeti ndiyo yenye neno la mwisho. Sijutii kusoma, kwa kuwa bila cheti kile nisingeruhusiwa hata kuomba nafasi niliyo nayo leo, lakini mtu asikudanganye kwamba mshahara hupanda siku ya mahafali.

Aliyekuwa Afisa wa Data

Mimi nilifanya kile unachotaka kufanya. Nilikopa, nikasoma, na kweli nikaongezwa mshahara, tena zaidi ya 20,000. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na mradi wetu ukafungwa kabla sijamaliza nusu ya mkopo. HELB unaweza kuiandikia na kueleza kwamba huna kazi. Sacco haingoji: ilichukua akiba yangu, kisha ikawageukia wadhamini wangu watatu, mmoja wao akiwa binamu yangu, ambaye hadi leo hunisalimia kwa adabu kupita kiasi. Kwa kuwa Sacco nyingi hukopesha mara tatu ya akiba, nadhani una kama 170,000 humo. Fedha hizo ndizo kinga yako kandarasi ikikatika, na mkopo huu unazifunga.

Jambo jingine ni aina ya uzamili. Katika usaili nilioitwa tangu hapo, nimeulizwa zaidi kama ninaweza kuchanganua data na kuandika ripoti ya mlipuko kuliko jina la shahada. Ukisoma, chagua epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea) au takwimu za afya.

Afisa wa Afya, Kaunti

Pia kuna njia zisizo za mkopo. Mpango wa FELTP, ulioanza hapa Kenya mwaka 2004, huwafundisha epidemiolojia watumishi wa afya, hasa wa serikali, wakiwa kazini. Tume ya Ufadhili wa Masomo ya Jumuiya ya Madola nayo imekuwa ikifadhili uzamili wa masafa katika vyuo vya Uingereza, ambao unaweza kuusoma bila kuacha kazi. Ushindani ni mkali, lakini kuomba hakuhitaji mdhamini.

Jirani wa Donholm

Nawashukuru (na ni dada). Leo nilimwomba msimamizi wangu aniandikie ile ahadi ya nyongeza, akacheka, akasema itategemea mfadhili. Basi Sacco nimeiacha. Nitaomba ufadhili mwaka huu, na huku nikifikiria kulipia muhula mmoja mmoja kutoka mfukoni. Muhula wa kwanza ni 95,000, nami nina 60,000 nje ya Sacco.

Mweka Hazina wa Chama

Kabla hujalipa hata shilingi, uliza chuo mambo mawili, na majibu yawe kwa maandishi: kama ada inapokelewa kwa awamu, na kama masomo uliyofaulu yatahifadhiwa ukilazimika kusimama muhula mmoja au miwili.