Who Killed Captain Alex: filimu ndio mubaya ao ni nyie hamujui kuiangalia?

Chukudu_ya_Majengo
Bandugu mujambo. Jana jioni kuran (umeme) ilikuya kwetu nikasema bon, leo naonyesha binamu zangu Captain Alex, ile filimu ya vita ya Nabwana, mutengeneza filimu wa Uganda. Filimu haijaisha, yaya wetu mukubwa ule wa inivesite akasimama akazima, eti "kuran inakuya mara moja kwa siku tatu na unaichoma na huu upuuzi?" Wote wakacheka. Eti elikopta ni ya ordinatere (kompyuta) inaonekana mbali, eti bunduki ni za kujitengenezea, eti damu ni rangi. Ndiyo ni rangi! Rangi ya chakula wanatia mu kapoti (kondomu) inapasuka, juu mbele walitumiaka damu ya ngombe mutu akagonjwa ikabidi waache. Mi nikisikia vile njo naipenda zaidi. Mutu alikuwa anafyatua matofali kule Wakaliga, Kampala, anaunga ordinatere yake na vipande vya zamani, 2010 anatoa filimu yenye wanasema haifike dola 200 na dunia nzima inaiangalia. Ni mi peke yangu ninaona kitu pale ao?

Mwana_Himbi
Ni wewe peke yako 😂 Mi niliangalia yote mpaka mwisho. Jina la filimu linauliza nani aliua Captain Alex, unangoja, unangoja, filimu inaisha na hawakwambie!!! Mbele ya kununua kamera wangeandika senario.

Yaya_Katindo
Mwana Himbi acha, kwani kuna mutu aliangalia ile juu ya kujua muuaji?
Chukudu, kosa yenu ni moja tu, mulikuwa munanyamaza. Ile filimu ya kwanza yenyewe, bila sauti ya VJ (mutu wa kuongea na kuchekesha juu ya filimu), haiko tena, Nabwana aliifuta mu ordinatere apate nafasi ya kutengeneza ingine. Yenye ilibakia ni ile VJ Emmie anaongea juu yake, anacheka waigizaji, anatangaza vita kama mupira. Sasa mutu wa Goma ataniambia haelewi ile? Sisi tulikomalia mu nyumba za video pale Birere, benchi ya mbao, jasho, wakubwa mbele batoto nyuma wanachungulia, na filimu ya Wachina hakuna hata moja anasikia luga yao lakini kuna mutu anatafsiri na uongo yake mingi, jambazi anapewa jina la jirani, na tulikuwa tunalipa juu ya ule mutu, si juu ya Wachina. Captain Alex ni ile nyumba ya video wametia mu filimu. Ukiiangalia kimya kama uko mu misa, lazima iwe mubaya.

Vye_wa_Virunga
Batoto, mi siseme ni mubaya ju ya pesa. Hata chukudu, ile kinga yetu ya kusukuma, ni mbao tu na inabeba makala ya kijiji nzima. Mi ninachokataa ni masasi ya kuchekesha. Hapa kwetu masasi tunajua sauti yake, elikopta ikipita batoto wanalala chini. Sicheke.

Chukudu_ya_Majengo
Vye, na heshima yote, nimekuelewa na sikubishie. Nabwana naye alizaliwa wakati wa Amin, si mutu wa kuambiwa bunduki ni nini. Lakini nikuambie kitu sikuandika juu: mudogo wetu wa miaka saba, ule akisikia kitu chochote angani anaingia chini ya kitanda, alipoona ile elikopta ya Captain Alex inatetemeka juu ya manyumba alicheka mpaka machozi, akaomba nirudishe nyuma. Nikarudisha mara tatu. Yaya alizima pale pale. Sijue kama ni vizuri ao ni vibaya, lakini alikuwa anacheka elikopta.

Vye_wa_Virunga
Mm. Ule mutoto muache acheke.

Mwana_Himbi
Bon bon. Kuko ingine ya ule Nabwana yenye iko na mwisho?

Yaya_Katindo
Bad Black, ya 2016. Ile VJ anaongea mpaka unaumwa mbavu. Chukudu, kuran ikiya tena ita majirani wajae, mutu moja afanye VJ na Kiswahili chetu, na telekomande ficha mbali na yaya yako.